Watu wa Mkunazini: Kanisa Kuu la Kristo, Unguja, kuelekea miaka 150

Mtu akiulizwa historia ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, huanza na soko. Ana haki. Kiwanja kile ndicho kilichokuwa soko la wazi la watumwa mjini Unguja, na lile duara jeupe la marumaru lililo sakafuni mbele ya altare, lililozungushiwa wekundu, linaonyesha kwa masimulizi ya kanisa mahali uliposimama mti waliofungwa watu wakapigwa viboko. Lakini jumuiya iliyolijenga kanisa ina umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Ilianza miaka tisa kabla ya jiwe la msingi, na walioianza walikuwa watoto watano ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja.

Habari yao inataka utangulizi mfupi. Desemba 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Cambridge akawasihi waje Afrika. Wakaitika. Vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikaunda misheni ambayo mpaka leo wazee wetu wanaitaja kwa herufi nne: UMCA. Safari ya kwanza ilikwenda bonde la mto Shire, ikaishia kwa njaa, vita na homa. Askofu Charles Mackenzie akafariki Januari 1862, mwaka mmoja tu baada ya kuwekwa wakfu. Aliyemfuata, William Tozer, akaamua kuanza upya mahali pengine. Tarehe 31 Agosti 1864 akashuka Unguja pamoja na Dk. Edward Steere, mwanasheria aliyekuwa padri.

Muda si mrefu Sultani Majid akawakabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Wawili kati yao historia imeyahifadhi majina yao vizuri: John Swedi na George Farajallah. Wageni wawili wa Kizungu ambao Kiswahili chao kilikuwa bado cha kubabaisha, na watoto ambao Kiswahili nacho hakikuwa lugha ya mama zao, wakawa nyumba moja. Huo ndio mwanzo wa kanisa hili. Kabla ya mahubiri yoyote kulikuwa na watoto wa kulishwa, kuvishwa, kuuguzwa na kufundishwa kusoma, na waliokuja kuwafundisha walilazimika kwanza wafundishwe wao kuzungumza. Mimi huuona mwanzo huo kuwa na heshima kuliko hotuba ya Cambridge. Misheni ilikuja na nia ya kuligeuza bara zima. Ikapewa watoto watano, ikaambiwa: haya, waleeni.

Mwaka 1870 Swedi na Farajallah waliwekwa kuwa mashemasi wadogo. Farajallah hakukaa sana, mauti yakamchukua angali kijana. Swedi akaendelea, akapewa ushemasi kamili mwaka 1879. Kutoka tumbo la jahazi hadi altare ilikuwa safari ya miaka kumi na mitano.

Shule ya wavulana iliwekwa Kiungani, kusini ya mji, na hapo ndipo kazi ya kila siku ya misheni ilipopata sura yake. Steere aliijua kazi ya kupiga chapa tangu kwao, na mtambo ulipowekwa, wanafunzi ndio waliokuwa mafundi. Kazi hiyo ilitaka uangalifu mkubwa. Herufi za risasi ziko katika visanduku vyake, kila moja na nyumba yake. Mpangaji anaziokota moja moja, anazipanga kwenye kipande cha chuma alichoshika mkono wa kushoto, na kila herufi amepewa kinyume, kama uso wa mtu kwenye kioo. Kwa hiyo anayepanga hana budi asome kinyume bila kukosea. Nukta ikisahauliwa, neno limeharibika. Mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa, ambaye miaka michache nyuma alikuwa ameandikwa kwenye hesabu ya mtu kama mzigo, sasa ndiye anayelipanga neno la Kiswahili herufi kwa herufi, kisha analikandamiza kwenye karatasi na kulisoma. Ukitaka kujua Injili ilifanya nini Unguja katika miaka ile, chumba cha chapa cha Kiungani ni mahali pazuri pa kuanzia.

Maneno yenyewe Steere aliyapata kwa watu wa mji. Alikaa na masheikh na watu wa kawaida wa Unguja, Waislamu, akauliza, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kinavyosemwa Unguja, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji. Watu wale walimpa lugha yao wakijua vizuri kwamba anataka kuitafsiria Injili, na hawakumnyima. Agano Jipya lilikwisha kutafsiriwa kabla ya kifo chake. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka 1891, na wenzake wakiwa wameimaliza kazi. Mwalimu mwingine wa Kiungani, Arthur Madan, akatunga kamusi zilizotumika kwa miongo mingi. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa na mikono mingi, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya masheikh wa mji na ya wavulana wa Kiungani.

Wavulana hao waliandika pia habari zao wenyewe. Mwaka 1887 Madan alichapa kwa Kiingereza maisha yao waliyoyaandika: namna walivyokamatwa, walivyotenganishwa na mama zao, walivyouzwa na kuuzwa tena kabla ya kufika pwani. Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ikaanza gazeti la Kiswahili liitwalo *Msimulizi*, mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya lugha yetu. Humo zilipita habari za vituo vya bara: nani amefika, nani anaumwa, nani ameoa, shule ina watoto wangapi. Barua za namna hiyo watu wa kanisa wanaandikiana hata leo kwenye simu zao, na kwa sababu ileile: waliotawanyika wanataka kujua wenzao wazima.

Sasa turudi sokoni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Sheria ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilikuja 1897, na hata hapo kwa masharti na kwa kusuasua. Lakini soko lilifungwa, na kiwanja kikabaki kitupu katikati ya Mkunazini, kando ya maji yaliyokuwa yakiingia na kutoka kwenye hori ya mji. Padri wa misheni, Arthur West, akanunua sehemu yake. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara Mhindu. Krismasi ya 1873, miezi sita tu baada ya mkataba, jiwe la msingi likawekwa.

Nataka kukaa kidogo kwenye jina la Jairam Senji, kwa sababu katika simulizi nyingi hupita mbio. Mtu ambaye hakuwa na kanisa la kwenda wala nia ya kubatizwa alitoa ardhi mjini, mahali penye thamani, ili Wakristo wajenge. Na saa ya mnarani, kwa masimulizi ya kanisa, ilitolewa na Barghash, Sultani Mwislamu, yuleyule aliyebanwa na meli za Waingereza akafunga soko. Kanisa letu lilisimama kwa sadaka za watu wasio wake. Anayeisoma historia hii akiwa Mkristo wa Unguja leo, jirani wa Waislamu kulia na kushoto, aanze na deni hilo.

Steere alipowekwa wakfu kuwa askofu, Agosti 1874, alirudi Unguja kuwa msimamizi wa ujenzi pia. Alisimama juani na mafundi, akapima, akabishana nao. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe, lakini paa ni jambo jingine. Mji uliezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Unguja ni virefu na vyembamba. Steere alitaka ukumbi mpana usiokatwa na nguzo, na boriti ya upana huo haipo. Akaamua kufunika kanisa kwa kuba refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu walidhani litaanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877 jengo likiwa bado halijakwisha, na kuba lile, lililowafunika hatimaye, lipo mpaka sasa.

Karibu na mlango wa magharibi, upande wa ubatizo, kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, kitako juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa hayupo na mafundi wakaziweka walivyoona wao. Aliporudi hakuamuru zivunjwe. Waongozaji wa wageni hulisimulia jambo hili ili watu wacheke. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine. Fundi aliyezisimamisha alikuwa na mikono thabiti na macho mazuri; hakuwa amewahi kuona nguzo za namna hiyo, wala hakuna aliyemwelekeza. Ameacha alama yake mahali ambapo kila mtoto wa Mkunazini anapita akipelekwa kubatizwa, na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuifuta aliamua iachwe.

Steere alifariki tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare. Ndani ya kanisa pia kuna msalaba mdogo uliochongwa kwa mti wa kijijini Chitambo, ambao chini yake wenzake Livingstone waliuzika moyo wake, na mabamba ya kuwakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa wakikimbizana na majahazi ya watumwa. Majina ya Kizungu yamejaa ukutani. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Nje ya mji, Mbweni, misheni ilinunua shamba mwaka 1871. Meli za doria zilipokamata majahazi, watu waliookolewa walihitaji pa kwenda, na wengi waliletwa huko: wanaume, wanawake, wazee, watoto. Familia zikapewa viwanja, zikajenga, zikalima. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria ikajengwa hapo, na kanisa la Mtakatifu Yohana likasimama mwaka 1882. Caroline Thackeray alifika kuwa mwalimu mwaka 1877, akabaki mpaka kifo chake mwaka 1926: karibu miaka hamsini, shamba moja, watoto wa watoto wa wanafunzi wake wakipita mikononi mwake. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado lina ibada. Shule ni magofu.

Mbweni ilikuwa kazi njema, na ilikuwa pia na kasoro yake, na historia ya kumbukumbu isiyoitaja haiwatendei haki walioishi pale. Misheni ilikuwa mchungaji na wakati huohuo mwenye shamba. Mtu aliyetoka kwenye mnyororo alijikuta ana padri ambaye ndiye pia mwenye ardhi, ndiye mwajiri, ndiye anayeamua nani amekosa adabu na nani aondoke. Wasichana walifundishwa kusoma, kushona na kupika, na wengi wao walitarajiwa waolewe na wavulana wa Kiungani, waende bara kuwa wake wa walimu. Wengi walikwenda, na wakawa walimu wenyewe. Lakini uhuru wa kuchagua walipewa kwa kipimo. Walinzi wao waliwapenda, hilo sina shaka nalo. Tatizo ni kwamba waliwapenda kama watoto hata walipokuwa watu wazima. Na kwa kuwaweka mbali na mji ili wasipotee, waliwaweka pia mbali na majirani ambao wangewajua na kuwaona wanavyoishi. Injili inayoishi ndani ya ua, jirani haioni.

Kilichokuja kuikomboa Mbweni kutoka kwenye ua wake ni hamu ya watu wenyewe kurudi nyumbani. Mwaka 1876 Steere alisafiri kwa jahazi hadi Lindi na kundi la watu wazima walioachwa huru, wakapanda bara kuelekea Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, tarehe 1 Novemba, wakapaona panafaa, wakakaa. Hawakuwa wamisionari kwa maana ya mtu aliyetumwa na kamati. Walikuwa familia zilizotafuta ardhi na maji, zikabeba sala zao na Kiswahili chao cha Unguja. Dayosisi ya Masasi ya leo imetokana na uamuzi wao wa kutokwenda mbele zaidi. Vivyo hivyo Magila, Newala na vituo vingine: mwalimu aliyeketi chini ya mti na ubao mara nyingi alikuwa kijana wa Kiungani, na aliyewaanzishia wanawake darasa alikuwa msichana wa Mbweni, mke wake.

Mfano mkubwa ni Cecil Majaliwa na mkewe Lucy Magombeani. Majaliwa, Myao, aliletwa Unguja kwa njia ya utumwa, akasoma Kiungani, akamwoa Lucy, mwalimu wa Mbweni. Mwaka 1886 walikwenda Chitangali, bara la kusini, wakaanza kazi wenyewe bila Mzungu wa kuwasimamia kila siku. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa upadri hapa Mkunazini: mwana wa waliouzwa akawekewa mikono kwenye kiwanja cha soko, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kufika daraja hilo. Kazi ya Chitangali ilistawi. Shule zikaongezeka, na mtawala wa pale akabatizwa. Lucy alifundisha, akalea watoto, akapokea wageni, akatunza nyumba ambayo ndiyo kwa kweli ilikuwa misheni.

Ungetegemea baada ya hapo njia ingefunguka. Haikufunguka. Mapadri Waafrika waliongezeka, wengi wakiwa watu hodari, lakini mamlaka yalibaki mikononi mwa wageni kizazi baada ya kizazi. Ilipofika 1963 John Sepeku akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Zanzibar, ilikuwa imepita miaka 73 tangu Majaliwa apewe upadri. Sepeku baadaye akawa askofu wa Dar es Salaam, na mwaka 1970 askofu mkuu wa kwanza wa Tanzania. Wanaosema kwamba watu hawakuwa tayari waitazame Chitangali ya 1890, wajibu wenyewe.

Askofu ambaye wazee walimsimulia kuliko wote ni Frank Weston. Alikuja 1898, akafundisha, akaongoza Kiungani, akawa askofu 1908 mpaka alipofariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Nje ya Afrika anajulikana kwa ugomvi wa Kikuyu wa mwaka 1913, aliposhtaki wenzake kwa kushiriki komunyo na madhehebu mengine. Ugomvi ule ulitikisa Anglikana dunia nzima, na leo wachache wangeweza kueleza ulihusu nini. Kilichobaki ni mengine. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza vikiendelea bara, upande uliotawaliwa na Wajerumani, serikali ilihitaji wapagazi, na watu wa Unguja walijua wapagazi wanavyokufa njiani kwa njaa na kwa kutojaliwa. Weston akakusanya kikosi, akakubali cheo cha meja, akaenda nao kwa miguu. Alihakikisha wanakula na wanatibiwa. Kisha vita vilipokwisha na Gavana wa Kenya mwaka 1919 akatoa waraka wa kuwashinikiza Waafrika wafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi, Weston aliandika kijitabu kikali mwaka 1920 akiiita hali hiyo utumwa kwa jina jingine. Baadhi ya viongozi wa kanisa walikuwa tayari kuukubali waraka ukirekebishwa. Yeye alikuwa askofu wa mahali ambapo altare imesimama juu ya soko, na hakuweza.

Mwaka 1923 aliongoza kongamano kubwa London. Waliohudhuria walikuwa watu wa uvumba, mishumaa na kupiga magoti mbele ya Sakramenti, naye alikuwa mwenzao katika yote hayo. Akawaambia waziwazi kwamba hakuna anayeweza kudai anamwabudu Yesu aliye katika tabenakulo ikiwa hana huruma kwa Yesu aliye katika mitaa ya maskini. Maneno hayo yananukuliwa duniani kote mpaka leo, mara nyingi bila kutajwa yalikotoka. Yalitoka kwa mtu aliyeishi Unguja miaka ishirini na tano.

Na alikuwa ameyafanyia kazi kabla ya kuyasema. Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista, la Mateso Matakatifu, ambao kwa miongo mingi walifundisha, waliuguza na kutunza wasiokuwa na mtu. Hapa Mkunazini misheni ilikuwa na hospitali yake kando ya kanisa. Jengo hilo sasa ni hosteli ya Mtakatifu Monika, na wageni huonyeshwa vyumba vyake vya chini kama mahali walipofungiwa watumwa. Wanahistoria wanalipinga hilo, kwa kuwa jengo lilijengwa miaka mingi baada ya soko kufungwa. Huhitaji chumba cha chini ili kuyaamini mateso ya mahali pale. Yalifanyika juu, mchana, mbele ya watu. Ningependa wageni waambiwe pia kilichotokea ghorofani: Mwislamu, Mhindu na Mkristo wamelala kitanda kwa kitanda, wanapimwa homa na nesi mmoja.

Kiungani ilihamia bara miaka ya 1920, ikawa Minaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 shule za misheni Zanzibar zilichukuliwa na serikali. Kanisa likabaki na altare, watu wake wachache, na majirani zake. Wengine waliona huo kuwa mwisho. Mimi naona hapo ndipo lilipolazimika kujifunza kuishi bila shule, bila hospitali, bila shamba, yaani bila kitu cha kumpa mtu ili aje. Kilichobaki ni namna ya kuishi.

Waanglikana wa Unguja leo ni mchanganyiko. Wapo wajukuu wa Mbweni na Kiungani, wapo waliotoka Tanga, Masasi, Dodoma na kwingineko, walimu, askari, wauguzi, wafanyakazi wa hoteli ambao Jumapili asubuhi ni zamu yao ya kazi, kwa hiyo wanasali jioni au hawasali kabisa mpaka zamu ibadilike. Kisiwa ni cha Waislamu kwa karibu wote. Kuishi Injili hapa kuna sura zake. Mwezi wa Ramadhani huli barabarani, si kwa kuogopa sheria bali kwa kumstahi mwenye kufunga. Jirani akifiwa, unakwenda. Unakaa jamvini na wenzako, unachangia, unabeba. Krismasi sahani za pilau zinatoka nyumba za Wakristo, zimefunikwa kawa, na Idi zinarudi sahani nyingine. Mwanamke wa kwaya anauza maandazi na mwenzake wa madrasa barazani pamoja, na wakikopeshana hawaandikiani.

Si kila wakati imekuwa shwari. Februari 2013 padri Mkatoliki, Evaristus Mushi, alipigwa risasi Unguja akienda kuadhimisha misa, na kwa muda watu waliingia makanisani wakitazama nyuma. Viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo walilaani kwa sauti moja. Siku zile uliona thamani ya zile sahani. Jirani aliyezoea kupokea na kurudisha ndiye aliyekuja kugonga mlango kuuliza, mko salama?

Kanisa lenyewe lilikuwa limechakaa, chumvi ya bahari ikila kuta, na lilikarabatiwa kwa msaada wa kimataifa, pamoja na kuwekewa kituo cha kuelezea historia ya utumwa kilichofunguliwa 2016. Uani yapo masanamu yaliyotengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, nyuso zao zimetazama kila mmoja upande wake. Watu wengi hupiga picha hapo.

Krismasi ya 2027 itatimiza miaka 150 tangu ibada ile ya kwanza katika jengo lisilokwisha. Kutakuwa na maaskofu, nyimbo na hotuba, kama inavyostahili. Lakini kuta zetu zimejaa majina ya Kizungu, na ninaowataja hapa wengi hawamo ukutani. Kumbukumbu za UMCA zipo katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, na majina yamo: waliobatizwa, waliooana, waliozikwa, wapangaji wa herufi, walimu wa vijijini, wake zao. Ombi langu kwa wanaoandaa sikukuu ni kwamba wiki hiyo, katika kila misa, yasomwe kwa sauti. Waanze na Swedi na Farajallah, waende kwa Majaliwa na Lucy, washuke mpaka kwa wale walioandikwa jina moja tu bila la baba, kwa kuwa walipofika hapakuwa na wa kulijua. Itachukua muda. Mwanakwaya asome, mtoto wa shule ya Jumapili asome, mzee wa Mbweni asome la bibi yake. Na Jairam Senji atajwe, na masheikh waliomfundisha Steere watajwe. Kazi ya kuyanakili ianze sasa; inahitaji watu wenye mwandiko safi na subira.